Karani Aliyeuliza Tulikula Nini

Kompyuta ilifika ofisini kwetu Iyula mwaka tuliokula maboga. Viwavi walikuwa wamemaliza mahindi yakiwa bado usawa wa goti, na maboga, sijui yalisikia nini, yakazaa kama yametumwa. Asubuhi boga la kuchemsha, mchana majani ya maboga, jioni unakaa kibarazani unatafuna mbegu za maboga umenuna. Mtu akikuambia jambo fulani lilitokea Iyula mwaka huo, mwulize kuhusu maboga. Akisita, ujue alikuwa Mbeya.

Karani alikuwepo kabla ya kompyuta. Chama chetu cha wakulima wa kahawa kimebadilisha wenyeviti kama mtu anavyobadilisha kanga, wanene kwa wembamba, ila karani alikuwa mmoja, mwanamke, na alikaa. Mimi nilikuwa nafagia ofisi na kuchemsha chai ya wanachama, na ni mwanachama pia, mwenye mibuni yangu. Kwa hiyo simsimulii kwa kusikia. Nimemfagilia chini ya miguu miaka mingi kuliko niliyokaa na mume wangu.

Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye sauti ya mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya kijito. Kalamu ya risasi aliichomeka kwenye nywele, na Jumapili niliiona hata kanisani, ameisahau humo. Chini ya meza yake yalikaa mabuti ya mvua, meusi, jua liwake au mvua inyeshe. Wageni walidhani ni ya mlinzi. Ofisi yetu haikuwa na mlinzi. Mabuti yalikuwa yake, na yalimfanyia kazi kuliko ile kalamu, kwa sababu karani huyu hakuandika kitu asichokiona.

Ukija kumwambia una mibuni mia tatu, alikusikiliza vizuri, akakukaribisha chai niliyochemsha mimi, akakuuliza habari za watoto. Ukishanyoosha kidole kwenye daftari kwamba haya, andika, alisema maneno yaleyale kwa sauti ileile, mguu mmoja umeshaanza kutafuta buti:

"Sijaona, siandiki. Twende ukanionyeshe."

Mwenyekiti mmoja, sitasema yupi maana ana wajukuu, alitaka aandikiwe mibuni mia sita. Shamba lake liko juu kabisa, mahali mbuzi wenyewe hupumzika njiani. Karani akavaa mabuti. Walipofika kwenye kijito mwenyekiti akakumbuka kwamba labda ni mia nne na kitu. Walipofika kwenye mwamba, anahema, akasema ukiondoa iliyougua ni mia tatu. Kufika juu wakahesabu mia mbili na kumi na moja. Karani akaandika mia mbili na kumi na moja, akamshukuru kwa matembezi. Aliporudi ofisini hakumcheka. Nilimcheka mimi.

Sasa msije mkadhani alikuwa mtu mkweli. Nje ya ofisi Karani alikuwa mwongo, tena mwongo mzuri, mtu anaacha chakula kipoe ili amsikilize. Alisema aliwahi kumuua chui kwa mchi wa kutwangia. Mara ya kwanza niliposikia, yule chui alikuwa mdogo kama mbwa. Baada ya mavuno mawili alikuwa na urefu wa mlango. Siku moja nikamkamata, nikamwuliza mbona chui huyo hayumo kwenye daftari lolote. Akanitazama kwa huruma.

"Mama Tumaini, chui hakuwa mwanachama."

Ndivyo alivyokuwa. Mdomo wake ulikuwa wa kwake, auchezee anavyotaka. Daftari lilikuwa la watu.

Basi, mwaka huo wa maboga tukaambiwa wanunuzi wa ng'ambo wanataka kila gunia lijulikane limetoka shamba la nani, liko wapi, mibuni mingapi, ilipandwa mwaka gani. Habari hizo zisikae kwenye daftari la karatasi, zikae kwenye kompyuta za mbali wanazoziita wingu, ili mtu aliye huko kwao afungue aone. Ambaye habari zake hazijakamilika, kahawa yake haipokelewi. Akaja mtaalamu kutoka Mbeya, mtu wa makamo, ana miwani na haraka. Akakaa na Karani wiki mbili. Mimi nikiwapelekea chai nilikuwa nachelewa kutoka.

Nilichoelewa ni hiki. Mtaalamu alimletea kitu alichokiita maktaba. Si ya vitabu. Ni fungu la amri ambazo watu wengine wameshaziandika, wewe unaziita kwa jina zinakufanyia kazi, kama unavyoazima jembe ambalo mwenzako ameshalitia mpini. Karani alihitaji tatu tu: kuchukua rekodi, kuiongezea au kuibadilisha sifa, kuihifadhi. Nikamwuliza rekodi ni nini na sifa ni nini. Akaniambia rekodi ni mtu amesimama mbele ya meza yangu. Sifa ni kila swali ambalo ameshanijibu. Jina lako sifa, shamba lako sifa, mibuni yako sifa.

"Na ambalo sijakujibu?"

"Hilo halipo. Usinitafutie jibu kwenye kikombe chako."

Hapo ndipo yeye na mtaalamu walipogombana mara ya kwanza. Mtaalamu hakupenda nafasi tupu. Siku Karani alipokuwa shambani, yeye akajaza sifuri kila palipokuwa hapajajibiwa, akasema angalau sasa panapendeza. Siku mbili baadaye mzee mmoja wa upande wa mnadani akasikia kwamba huko winguni ameandikwa ana mibuni sifuri. Alikuja ameshika tawi zima limejaa kahawa nyekundu, akalitupa mezani juu ya karatasi, akauliza je, hii imeota kichwani kwangu? Mtaalamu akaanza kueleza. Karani akamnyamazisha kwa mkono, akafuta sifuri zote, moja baada ya nyingine, mpaka alasiri. Akamwambia sifuri ni jibu. Mtu aliyesema hana, na mtu ambaye hatujamwuliza, si mtu mmoja. Yule mzee tawi lake alilisahau pale. Nililikausha mwenyewe, nikapata kikombe.

Hata rekodi yake Karani ilikuwa na pengo. Mtaalamu alitaka watumishi wote waandikwe, na tarehe ya kuzaliwa. Karani akaandika jina na kazi, akaruka tarehe. Kuulizwa, akasema siku hiyo nilikuwepo, ndiyo, lakini sikuona kalenda. Ndiyo maana na mimi hapa sisemi alizaliwa lini wala kwa nani. Yeye mwenyewe hakuandika, nani mimi.

Sasa kuna ile sifa ya mwaka wa kupanda. Hiyo ilitutoa jasho. Nani anajua mwaka aliopanda mbuni? Wazee wetu walipanda, sisi tulipanda, watoto walilia, mvua ikanyesha. Mtaalamu akasema weka makadirio. Karani akamtazama kama amemwambia ateme mate sakafuni.

Alichofanya ni kuuliza watu swali lake. Kila mkulima aliyekaa kwenye benchi aliulizwa: mwaka huo mlikula nini? Watu wakacheka, halafu wakakumbuka. Mmoja akasema tulikula mahindi ya njano ya msaada, ugali wake ulikuwa na harufu ya gunia. Mwingine akasema ni ule mwaka panzi walikuwa wengi tukawakaanga kwa ndizi. Mwingine uji wa ulezi, sukari hakuna. Hakuna aliyejua tarakimu ya mwaka, lakini tumbo halikumdanganya mtu. Karani akaenda na vyakula vyake kanisani, akakaa na daftari la ubatizo, akitafuta watoto: huyu alibatizwa mwaka wa mahindi ya njano, mama yake anasema hivyo na jirani anasema hivyo, basi mwaka wa mahindi ya njano ndio huu. Hivyo ndivyo alivyopata tarakimu zake.

Hakuishia hapo. Akaamua kila rekodi iwe na sifa ya chakula, iandikwe kama mtu alivyosema, ili atakayeuliza kesho tarakimu imetoka wapi aione. Mtaalamu akapiga simu kutoka Mbeya akasema vyama vingine vyote havina sifa hiyo. Karani akamjibu kwa upole, upole wake ule wa kuudhi, kwamba wewe mwenyewe ulinifundisha rekodi moja inaweza kubeba sifa ambayo jirani yake hana. Nikamsikia Karani anamwuliza habari za watoto.

Kisha akakosea. Nalisema hili kwa sababu angetaka lisemwe.

Ilikuwa Ijumaa. Alikaa tangu alfajiri mpaka mchana akiingiza vyakula, wakulima arobaini na mmoja, akahifadhi, akajinyoosha, mgongo ukalia. Akafungua rekodi ya kwanza aitazame. Akafungua ya pili. Mimi nilikuwa nafuta dirisha. Nikageuka. Ameivua miwani yake ya kusomea ameiweka mezani.

"Nimewafuta, Mama Tumaini."

Kosa lenyewe lilikuwa dogo, mtu wa daftari angelifanya siku yoyote. Kwenye daftari, ukitaka kuongeza neno mbele ya jina la mtu, unaongeza, jina linabaki. Yeye akadhani na huko ni vivyo hivyo. Hakuichukua kwanza rekodi ya zamani. Alitengeneza mpya yenye namba ileile, ndani yake ameweka chakula peke yake, akahifadhi. Kumbe mpya ikikaa, ya zamani inaondoka yote. Jina limekwenda, shamba limekwenda, mibuni imekwenda. Wakulima arobaini na mmoja wamebaki na chakula tu. Namba kumi na tisa: panzi wa kukaanga na ndizi. Basi. Hana jina, hana shamba, anakula panzi.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikamwona uso, nikaacha. Tulimpigia mtaalamu, akasema nakala ya akiba ilikuwa bado haijawekwa, angeiweka wiki ijayo. Madaftari ya zamani yalikuwepo, lakini yana namba zake za zamani, huku wingu lina namba mpya, na karatasi ya kuzioanisha hakuna anayejua ilipo. Malori ya kahawa yalikuwa yanakuja baada ya majuma matatu.

Nikavuta benchi. Nikamwambia nisomee hao panzi.

Akasoma. Nikamwambia huyo ni fundi wa baiskeli wa kule bondeni, kwao ndio waliochanganya panzi na ndizi, sisi wengine tuliwala kwa ugali kama watu. Akasoma uji wa ulezi. Nikamwambia uji wa ulezi tulikunywa wengi, soma alivyosema. Akasoma: "uji wa ulezi, mama anakoroga huku analia." Nikamwambia huyo ni mwalimu mstaafu, mama yake alifiwa mwaka huo. Tukaenda hivyo, yeye anasoma chakula, mimi namtaja mtu, yeye anatafuta jina kwenye daftari. Kabla jua halijagusa mlima tulikuwa tumewapata arobaini na mmoja, hakuna hata mmoja aliyepotea. Mimi nimesoma mpaka darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza. Wajukuu zangu nimewasimulia siku hiyo mpaka wameichoka, nami bado.

Jumatatu akaandika kwa chaki ukutani juu ya kompyuta, herufi kubwa: CHUKUA KWANZA. Kisha akavaa mabuti. Majina yalikuwa yamerudi, lakini mahali shamba lilipo na nani analimiliki vilikuwa vimefutika, na hivi viwili hakutaka kuvitoa kwenye daftari la zamani wala kwenye ramani ya mtaalamu. Angekwenda mashamba yote arobaini na moja kwa miguu.

Sasa nifike kwenye shamba langu, maana mmojawapo wa wale waliofutwa alikuwa mimi. Namba ishirini na tatu: viazi pori.

Marehemu mume wangu ana ndugu yake, shemeji yangu, mtu wa sauti kubwa na kofia ndogo. Aliposikia rekodi zimefutika alifika ofisini kabla Karani hajavaa buti la pili. Akasema kwa kuwa sasa ni tupu, zijazwe kwa haki: shamba lile ni la baba yao, mibuni aliipanda baba yao, mimi nimeolewa tu pale nikaikuta. Alisema mbele yangu, nimeshika ufagio. Wanachama wawili watatu walikuwepo kwenye benchi, wakatazama viatu vyao.

Nikamwambia Karani haya, mjibu, wewe unajua. Miaka yote hii umekunywa chai yangu. Rekodi ya kwanza uliniandika mimi.

Akasema ya kwanza aliinakili kutoka daftarini, na daftarini lilikuwa neno la mume wangu, lililoandikwa na mwenyekiti kabla yeye hajaanza kazi. Hakuwahi kupanda kwenda kuona. Akamtazama shemeji, akanitazama mimi, akatuambia wote wawili kwa mpigo mmoja:

"Sijaona, siandiki. Twende ukanionyeshe."

Mimi! Mimi niliyemtafutia watu arobaini na mmoja kwenye masufuria yao! Nilikasirika hadi masikio yakawaka. Siku tatu sikumpa chai. Alikunywa maji ya moto, akashukuru kila mara, na hilo lilinikera zaidi. Usiku sikulala vizuri. Kama mmiliki angeandikwa shemeji, kahawa yangu ya mwaka ule ingekuwa yake, na ya mwaka uliofuata, na siku moja ningefukuzwa kwenye mibuni niliyoiinamia tangu meno yangu yote yangali kinywani. Kama pasingeandikwa mtu, malori yangeiacha ikiozea sakafuni. Na mwenye kalamu ni rafiki yangu, anakunywa maji ya moto.

Siku ya nne tukapanda, watatu. Shemeji alitangulia, anaeleza njia nzima habari za baba yake. Mzee alikuwa na kamba ya katani, alisema. Kila shimo lilipimwa kwa kamba. Mbuni wa baba hautoki mstarini, unaweza kusimama mwanzo wa mstari ukamwona mtu aliyeko mwisho. Karani anaitikia, eeh, eeh, anahesabu kwa midomo. Tulipoingia sehemu ya chini ya shamba ikawa kweli tupu. Mistari imenyooka kama ya askari. Karani akaandika.

Tukapanda sehemu ya juu, kule kwenye mteremko. Hapo mbuni mmoja uko huku, mwingine kule, miwili imekaribiana kama inasengenya, halafu nafasi tupu ya kulala ng'ombe. Karani akasimama, mikono kiunoni.

"Na huku, baba kamba ilikatika?"

Shemeji akacheka. Kicheko hicho nimekisikia miaka mingi, kwenye kila harusi na kila msiba, maana mibuni hiyo ndiyo utani wake kwangu. "Ah, huku! Huku si kazi ya baba. Huku alipanda shemeji yangu huyu, kama mlevi ametoka kilabuni na..." Akaishia hapo. Kofia yake ndogo akaivua, akaitazama ndani.

Karani hakumrukia. Aliniuliza mimi, kama alivyouliza watu wote, mwaka huo mlikula nini. Nikasema viazi pori. Nimeshasema, iko kwenye rekodi. Nikamweleza kwamba njaa ile ilitupandisha mteremko huu wote kuchimba viazi pori, mashimo ya kina cha mkono mzima. Viazi vilipokwisha mashimo yakabaki, na mimi nilikuwa na mimba ya Tumaini, sina nguvu ya kuchimba mengine. Nikachukua miche, nikaiweka humohumo. Kiazi pori hakioti kwa kamba.

Akapiga magoti, na mabuti yake, akafukua kwa kijiti kando ya shina moja, akaona udongo wa shimo ulivyo tofauti na udongo wa pembeni, kwenda chini kabisa. Akafukua jingine. Kisha akamgeukia shemeji, bado yuko magotini.

"Shemeji yetu, mwaka mliomzika mzee, mlikula nini?"

Angeweza kudanganya. Akairudisha kofia kichwani. Ndege walikuwa wanapiga kelele kwenye migomba.

"Mahindi ya njano," akasema. "Nakumbuka msibani. Ugali wa njano."

"Viazi pori vilikuja kabla, au baada?"

"Baada," akasema. "Mwaka uliofuata."

Karani akasimama, akajipangusa, akaandika palepale, akanionyesha herufi moja moja kwa kidole. Mibuni ya juu, mmiliki: mimi, jina langu lote, na la baba yangu. Mibuni ya chini, ile ya kamba, akaiandika ya ukoo, shemeji na watoto wangu kwa pamoja. Nilitaka na ya chini. Nilimwambia. Akasema ya chini ameiona pia. Malori yalipofika, kahawa ya mteremko ilipokelewa kwa jina langu.

Wakati tunashuka, shemeji ametangulia mbali, hana hadithi tena, nikaanza kumsema. Mchoyo yule, nikasema, mchoyo tangu tumboni, sina shemeji mimi. Karani alikuwa anateleza kwenye udongo mwekundu, ameshika bega langu. Akaniuliza kama nimesahau alichoandika ukutani. Nikasema mimi sigusi kompyuta. Akasema ni hicho hicho.

"Umempa sifa mpya, uchoyo. Vizuri, ipo, nimeiona. Lakini mchukue kwanza kama alivyokuwa, ndipo uongeze. Ukimhifadhi na uchoyo peke yake, umefuta na yule aliyechimba kaburi la mumeo kwenye mvua, wenzake wamekimbia."

Tulipofika kwenye kijito shemeji alikuwa amesimama anatungoja, amenyoosha mkono atuvushe. Nikaushika. Jioni hiyo Karani alipata chai, na boga.

Alistaafu bila sherehe. Goti lilimkataa, binti yake akaja akamchukua kwenda Tunduma. Nimekwenda kumwona juzi, baada ya mavuno. Nilishuka hadi Mlowo, nikapata gari. Nyumba ya binti iko karibu na mpaka, malori yamejipanga nje mpaka mtu hajui mlango uko wapi, na hapo barazani Wazambia wanapita wanasalimia mulishani, na Karani anawaitikia kama amezaliwa kwao Nakonde. Alikuwa amekaa kwenye kiti na fimbo pembeni, anakula chikanda, ile mizizi wanayoisaga na karanga ikapikwa ikaganda kama mkate. Amekonda zaidi. Kalamu ilikuwa kwenye nywele. Watoto wawili wa jirani walikuwa wamekaa sakafuni vinywa wazi, na yule chui alikuwa sasa na mwenzake.

Nikampa habari zangu. Mjukuu wangu Upendo, wa Tumaini, amemaliza chuo cha kilimo, na wengine wote wa rika lake wamekwenda Dar es Salaam, yeye amerudi Iyula. Nyumba nzima imejaa vyeti vyake, nimevitundika mwenyewe. Amepanda mibuni ng'ambo ya kijito, mia mbili na arobaini, kwa kamba, imenyooka. Mimi ninazeeka, na shemeji ana watoto wa kiume wanne wasiojua viazi pori ni nini. Nilitaka kwenye rekodi yangu iongezwe sifa moja, mrithi, na jina lake Upendo.

Nikamwambia nilikwenda kwa karani mpya. Kijana mzuri, ana adabu, aliniamkia vizuri. Nikamweleza, naye akasema hakuna shida bibi, akaanza kuandika palepale. Hakuinua hata tako kwenye kiti. Nikamshika mkono nikamwambia acha, futa. Akashangaa. Lakini unachoandika bila kuona, mwingine atakuja akifute bila kuona. Hilo nimelijua kwa kufagia.

"Kwa hiyo, Karani," nikasema, "chukua karatasi, andika kwa mkono wako kwamba Upendo amepanda, mia mbili na arobaini, mistari imenyooka. Weka sahihi. Nitampelekea yule kijana, ataliheshimu jina lako. Mimi nakuambia, na unanijua."

Binti yake alikuwa mlangoni nyuma yake. Akanitikisia kichwa, kwamba mama hatoki, daktari amesema, goti. Karani hakumwona, au alimwona. Alimaliza kipande chake cha chikanda, akanawa vidole kwenye bakuli, polepole, kimoja kimoja. Akanitazama juu hadi chini kama mtu anayehesabu. Kisha akainama, akaushika ukingo wa kiti, akaingiza mkono chini yake, akatoa buti la kwanza.

"Sijaona, siandiki. Twende ukanionyeshe."